Hakuna Ugonjwa, Lakini Wanakufa: Kutafuta Kosa Katika Maji, Udongo, Mwanga na Joto

Kiumbe akidhoofika, watu hukimbilia dawa. Wanauliza ni mdudu gani, ukungu gani, virusi gani, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Kilichoharibika hakina uhai: hewa iliyomo majini, chumvi ya udongo, tindikali, joto, mwanga. Hata anayekumbuka kupima mazingira hupata majibu safi, kwa kuwa alipima saa 4 asubuhi, juujuu ya maji, siku ya jua. Kiumbe hauawi na wastani. Anauawa na saa moja mbaya ya usiku, au sentimita chache za udongo zilizoziba, au mwezi mmoja wa joto lililozidi kidogo tu. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini inaelezwa pamoja na wakati au mahali pa kupima.

Je, ni mazingira au ni ugonjwa?

Angalia nani ameathirika. Ugonjwa huchagua. Hushika spishi moja au jamaa zake wa karibu, huanzia mahali na kusambaa, na utawakuta wafu, wagonjwa na wazima wamechanganyika. Kasoro ya mazingira huangusha kwa mkupuo viumbe wasio na undugu wowote, halafu hufuata sura ya ardhi: bondeni tu, ukingoni tu, upande mmoja wa mteremko, au kuanzia kina fulani cha maji. Ukiona mstari unaotenganisha wazima na wanaokufa, weka darubini pembeni kwanza. Tafuta kitu gani kinabadilika hapo kwenye mstari.

Tahadhari moja tu. Mwaka 1961 Joseph Connell alieleza majaribio yake kwenye miamba ya pwani ya Scotland, ambako aina mbili za wanyama wadogo wenye magamba hujigandisha, moja ukanda wa juu na nyingine ukanda wa chini. Ungedhani kila moja imewekwa mahali pake na maji na jua. Alipowaondoa wa chini, wale wa juu waliishi vizuri hata huko chini. Mpaka wao wa juu uliwekwa na kukauka, ila wa chini uliwekwa na jirani aliyekuwa akiwabana na kuwang'oa. Ninachokichukua mimi katika kazi ile ni hiki: upande mgumu wa mpaka laumu mazingira, upande wenye nafuu shuku jirani kwanza.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Hili ndilo tatizo linalojulikana kuliko yote kwenye mabwawa ya maji ya kijani, na bado hutibiwa vibaya. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa usanisinuru. Usiku mwani huohuo huivuta, pamoja na samaki, bakteria na matope ya chini. Kwa hiyo oksijeni hufika kilele alasiri na hushuka kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Mtu anayepima saa 9 alasiri anapima bwawa lingine kabisa.

Joto huongeza mzigo pande zote mbili. Maji yasiyo na chumvi, katika usawa wa bahari, hubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita yakiwa nyuzi 0 za Selsiasi, 9.1 yakiwa nyuzi 20, na 7.6 tu yakifika nyuzi 30. Wakati ghala linapungua, samaki naye mwili umechemka na anahitaji hewa zaidi. Ongeza siku mbili tatu za mawingu bila upepo, mwani ukakosa mwanga wa kutengeneza oksijeni, na umepata usiku wa vifo.

Pima saa 11 alfajiri, juu na karibu na sakafu. Miligramu 5 kwa lita na zaidi si tatizo; chini ya 2, samaki wengi wako hatarini. Dalili nyingine za kuunga mkono: samaki wakubwa hufa kabla ya wadogo, na walio hai hujazana panapoingia maji mapya. Kama wanahema mchana kweupe huku oksijeni ikiwa tele, shida iko kwenye matamvua yao au kwenye sumu iliyomo majini, si kwenye ukosefu wa hewa.

Tiba ni kuyatibua maji ili yapate hewa, na kufanya hivyo usiku. Kuyatibua mchana wa jua kali kunaweza hata kupoteza oksijeni iliyozidi. Acha kulisha kwa muda. Na usithubutu kuua mwani wote kwa dawa siku moja: mwani mfu huoza, na wanaouozesha watakula ile oksijeni iliyobaki.

Wanakufa alasiri, na oksijeni ipo ya kutosha

Hapa saa mbaya inageuka. Kinyesi na mabaki yanayooza hutoa amonia, na majini huwa katika sura mbili: amoniamu, isiyo na makali sana, na amonia huru, ambayo hupenya matamvua. Kinachogawa sehemu hizo mbili ni pH (kipimo cha uchachu: ikishuka uchachu huongezeka, ikipanda hupungua) pamoja na joto. Katika nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, chini ya asilimia 1 ya jumla huwa amonia huru. Yakifika pH 9, ni zaidi ya theluthi moja.

Nani anapandisha pH? Mwani uleule. Unapovuta kabonidayoksaidi mchana kutwa, unaondoa kinachoyapa maji uchachu, na kufikia alasiri bwawa la kijani linaweza kuvuka pH 9. Usiku upumuaji huirudisha kabonidayoksaidi na pH hushuka. Jumla ya amonia inaweza kuwa ileile asubuhi na jioni. Asubuhi haimgusi mtu, jioni inaua. Kwa hiyo pima pH, joto na amonia pamoja, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Namba ya amonia isiyo na pH kando yake haina maana, na nashangaa ni mara ngapi huandikwa peke yake. Maji yenye kabonati kidogo huyumba zaidi, na chokaa ya kilimo iliyosagwa huyatuliza.

Vifo vya ghafla baada ya dhoruba

Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Ya baridi huzama. Ziwa au bwawa lenye kina cha kutosha linaweza kukaa na tabaka hizo mbili kwa miezi bila kuchanganyika. Tabaka la chini halioni hewa wala mwanga, oksijeni yake huliwa ikaisha, na gesi yenye harufu ya mayai viza hujikusanya. Upepo mkali na mvua baridi huvunja mpaka, yakapanda yaliyokuwa chini. Samaki wa ukubwa wote hufa ndani ya saa chache, maji yakibadilika rangi na kunuka.

Baada ya tukio hakuna cha kupima, kwa sababu kila kitu kimeshachanganyika. Pima kabla: teremsha kipimajoto kila nusu mita. Panapoporomoka joto ghafla ndipo mpaka ulipo, na chini ya hapo ndipo upime oksijeni. Kuchanganya maji mapema, kidogo kidogo, hulizuia tabaka lisijengeke.

Ziwa Nyos nchini Kameruni lilionyesha matabaka yanavyoweza kuficha kitu kikubwa kuliko hicho. Agosti 1986 kabonidayoksaidi iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya chini ilifumka na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo. Tangu 2001 bomba limewekwa la kuyapandisha maji ya chini polepole ili gesi itoke bila kishindo.

Mmea unanyauka na udongo umelowa

Anayeona majani yamelegea huongeza maji, na kwa huruma hiyo anamalizia kazi. Mizizi hupumua. Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 chini ya kasi yake hewani, kwa hiyo matundu ya udongo yakijaa maji mizizi hukabwa. Mzizi uliokabwa hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umezama ndani yake, na jani huonyesha kiu ya kweli.

Chimba. Usiridhike na juu. Nenda sentimita 50. Udongo wa kijivu kinachoelekea samawati, wenye madoa ya rangi ya kutu, unasema kwamba maji husimama hapo kwa kipindi na hewa huingia kwa kipindi. Chuma kilichomo udongoni huyeyuka hewa ikikosekana na kupata kutu hewa ikirudi. Uzuri wa madoa hayo ni kwamba hubaki hata kiangazi. Yaani udongo wenyewe umekuwekea kumbukumbu ya msimu mbaya, na unaweza kuisoma siku kavu kabisa. Kina yanapoanzia madoa ndicho kina ambacho mizizi ya mimea mingi haitavuka.

Ukikuta ganda gumu sentimita chache chini, livunje. Kama ni maji ya ardhini yaliyopanda, chimba mifereji au panda juu ya matuta. Au kubali mahali palivyo, uweke mimea inayojua kuishi hivyo: mikoko hutoa mizizi ya kupumulia juu ya tope, na mpunga una njia za hewa ndani ya shina zinazofika hadi mizizini.

Ukoko mweupe juu ya ardhi, ncha za majani zimeungua

Maji ya ardhini hupanda, hukauka juu, chumvi inabaki. Mzizi hunyonya maji kwa kuwa ndani yake mna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko nje; nje kukizidi, kunyonya kunakwama. Mbegu hushindwa kwanza, mimea mikubwa huvumilia. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope lake yakipitisha umeme zaidi ya desisimensi 4 kwa mita. Kumbuka kwamba unyevu ukipungua nusu, chumvi katika maji yaliyobaki hukaribia kuongezeka maradufu. Chukua sampuli mwisho wa kiangazi, tena kutoka juu ya matuta, inakojikusanya.

Usichanganye chumvi na magadi, yaani sodiamu iliyoshika udongo, kwa sababu tiba ya moja huharibu nyingine. Chukua bonge kavu la upana wa sentimita 1, lizamishe taratibu kwenye gilasi ya maji ya mvua, uliache bila kuligusa kwa saa kadhaa. Likimomonyoka na maji yakabaki maangavu, halina magadi ya kutisha. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotulia, sodiamu imezitawanya chembe za mfinyanzi za udongo huo, na ndiyo maana mvua haipenyi. Udongo wenye chumvi peke yake husafishwa kwa maji mengi, mradi yawe na pa kutokea. Bila mifereji utapandisha maji ya chini na kurudi pabaya zaidi. Wenye magadi unahitaji jasi kwanza. Ukiusafisha kwa maji matupu unaondoa chumvi zilizokuwa zikishikilia chembe zake, na udongo unaziba kabisa.

Majani ya njano

Uliza swali moja: yameanza majani ya zamani au machanga? Naitrojeni na magnesiamu huhamishika, mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kupeleka kwenye machipukizi. Kwa hiyo umanjano unaoanzia chini ni upungufu wa hizo. Chuma hakihamishiki. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ikibaki kijani, chuma hakifiki.

Hakifiki haimaanishi hakipo. Chuma ni moja ya elementi zilizojaa zaidi kwenye ardhi, lakini katika udongo wa chokaa wenye pH ya juu hujifunga kiasi kwamba mzizi haukipati. Dondoshea siki juu ya udongo. Ukitoa povu, una kabonati nyingi, na kumwaga chumvi ya chuma chini ni kuitupa, maana nayo itafungwa. Pulizia majani, au chagua mmea wa udongo huo.

Upande wa pili, pH ikishuka chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka, na ni sumu kwa mizizi. Ng'oa mche: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na matawi madogo, huwa ni alumini. Kumbuka kwamba hatua moja ya pH ni mara 10. Udongo wa pH 4.5 una tindikali mara 10 ya ule wa 5.5.

Kila kitu kipo na bado hakuna kinachostawi

Mafiga ni matatu. Likikosekana moja, kuongeza kuni hakusaidii chungu kukaa. Carl Sprengel aliieleza kanuni hii mapema katika karne ya 19 na Justus von Liebig akaieneza: ukuaji hubanwa na kile kilicho haba kuliko vyote kulingana na mahitaji, si na jumla ya vilivyopo. Mwaka 1913 Victor Shelford aliongeza kwamba kuzidi nako hubana kama kupungua.

Mfano mkubwa uko baharini. Kuna maeneo mapana yenye naitreti na fosfeti tele juu ya maji, lakini mwani ni mchache. John Martin alidai kinachokosekana ni chuma. Alifariki 1993, na mwaka huohuo wenzake wakamwaga chuma kwenye eneo la bahari karibu na visiwa vya Galápagos, mwani ukaongezeka. Mbali na nchi kavu hakuna vumbi la kutosha kuleta chuma.

Ukikwama hivyo, gawa eneo dogo katika vipande, ongeza kitu kimoja kwa kila kipande, na uache kimoja bila kuguswa. Ukiongeza vitano kwa pamoja na mambo yakawa mazuri, hujui ni kipi kilichofanya kazi, na mwakani utalipia vyote vitano.

Miche inakufa chini ya miti mikubwa

Watu husema kivuli. Inawezekana: sakafu ya msitu mnene hupata asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa juu. Lakini miti hiyohiyo inanyonya maji chini. Ili kutenganisha, chimba mtaro kuzunguka kipande kidogo, ukikata mizizi ya miti inayoingia, bila kugusa matawi. Miche ikichangamka kivulini, tatizo lilikuwa maji au virutubisho. Isipobadilika, punguza matawi.

Mmea mzima, mkubwa, hauchanui

Hesabu saa za giza kabla ya kulaumu mbolea. Mwaka 1920 Garner na Allard wa Marekani walieleza aina ya tumbaku iliyokua mno bila kuchanua hadi siku zilipofupishwa. Taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha inatosha kuvuruga mimea ya aina hiyo. Mingine hungoja baridi ya wiki nyingi, na ikihamishiwa mahali pa joto haitaipata kamwe.

Ziwa angavu lenye samaki wakubwa tu

Maji safi kiasi hicho humfurahisha mgeni. Lakini bila vifaranga, ziwa hilo linazeeka. Chini ya pH 5 mayai ya samaki wengi hayaanguliwi, ingawa wakubwa wanaweza kuendelea kuishi. Hivi ndivyo mvua ya tindikali ilivyoathiri maziwa mengi ya Skandinavia katika karne ya 20, na Sweden ikawa inamwaga chokaa kwenye maziwa yake kuanzia miaka ya 1970. Kipimo cha kiangazi kinaweza kutoka kizuri. Theluji ikiyeyuka, tindikali iliyohifadhiwa humo msimu mzima hushuka mtoni kwa siku chache, wakati ambapo mayai na vifaranga wapo. Pima siku hizo, na pima alumini pamoja.

Matumbawe yamekuwa meupe

Weupe ni mfupa unaoonekana kupitia nyama, baada ya tumbawe kuwatoa mwani wadogo wanaolilisha. Hapa saa mbaya haipo, kuna malimbikizo. Nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, kwa wiki 4, yatosha kuleta weupe; kwa wiki 8 vifo huwa vingi. Ndivyo ilivyokuwa 1998, na magharibi mwa Bahari ya Hindi iliumia sana.

Kabla ya kulaumu joto, tazama kwa karibu kwa kioo cha kukuzia. Nyama ikiwa bado ipo, limeparara tu. Mfupa mtupu mweupe, huku kiti cha pweza chenye miiba kikiwa karibu, umeliwa. Mstari unaosogea ukiacha mfupa nyuma ni ugonjwa. Weupe ulio karibu na mdomo wa mto tu, baada ya mvua kubwa, ni maji yasiyo na chumvi.

Kwa joto hakuna tiba ya hapo hapo. Punguza mizigo mingine: nanga, tope linaloteremka kutoka nchi kavu, uvuvi wa samaki wanaokula mwani. Weka alama kwenye matumbawe machache uliyoyapiga picha, urudi maji yakishapoa kwa wiki kadhaa. Yaliyopata tena rangi yake yamepona. Yaliyovikwa mwani wa manyoya juu ya mfupa yamekufa, na hayo ndiyo ya kuhesabu.